Kiboko Alipochagua Programu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto kliniki kama sisi, Kindi alikuwa karani wa kliniki na Kiboko mwenyekiti wa kamati. Siku moja Kindi aliingiza programu ya chanjo kwenye kompyuta. Bip! Kompyuta ikauliza: programu ikae wapi, na data ikae wapi?

"Data ndiyo nani?" Kiboko alishtuka. "Mbona anapewa chumba na mimi simjui?"

"Ni majina ya watoto na tarehe za sindano, mzee."

"Weka vyote kwenye folda yangu. Mama akitaka tarehe ya mwanawe, aniletee kwanza kapu la majani mabichi."

Mama Swala, aliyekuwa kwenye benchi, akamkumbatia mtoto wake. "Kadi yake ililowa mvua ikaharibika, mwenyekiti. Nami nanyonyesha, nitakata majani saa ngapi?"

Kindi alimsogezea kikombe cha uji. Kisha akamgeukia Kiboko, mkia ukicheza.

"Mwenyekiti mzima kulala chumba kimoja na vijitarehe vya watoto? Aibu! Programu ndiyo yenye vitufe, rangi na mlio. Chukua hiyo. Hivyo vingine nitavibana kwenye folda ya kliniki."

Kiboko akajikuna kichwa, kwaru kwaru. "Kwa hiyo kikubwa ni... ile inayolia bip?"

"Hiyohiyo!"

"Basi hiyo yangu! Usinipunje!"

Wiki nzima Kindi alinakili majina kutoka kwenye daftari la zamani la kliniki lililoliwa na mchwa, kisha mabaki yake yakatupwa. Kila mama alisomewa tarehe yake bila kuombwa hata jani. Kiboko, njaa ikimuuma mlangoni, akafura. Akaingia, akafuta folda yake yote. Fyuu!

"Haya! Programu imekwenda. Njooni mnipigie magoti!"

Mama Swala, aliyekuwa amerudi na mtoto wake, akaanza kulia. Kindi akachomeka flashi yenye nakala ya programu, akaiingiza upya, akaielekeza kwenye folda ya kliniki. Bip! Majina yote yakajipanga.

"Mwanao anachanjwa leo, mama. Umewahi."

Kiboko akachungulia kioo cha kompyuta. "Sasa... mimi nimefuta nini?"

"Kile tunachoweza kukiingiza tena hata mara mia, mzee."

Wanangu, kabla ya kung'ang'ania kilicho kikubwa, ulizeni kwanza ni kipi kikipotea hakirudi.