Moshi wa Mwenzenu

Kaeni, kina mama. Na ninyi kina baba mliobanana pale mlangoni kama mnasubiri kukimbia, sogeeni mbele. Neno nililo nalo leo lina miiba, sitaki kulirusha kwa mbali.

Nitawaambia habari ya kijiji kimoja. Watu wake siwataji majina, maana nikiwataja mtaanza kuwatafuta kwenye koo zenu, na mtawapata.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mtama ulitoka ardhini, ukachungulia, ukaona hakuna la kutokea, ukanyauka. Watu walikula mlenda mkavu mpaka na wenyewe ukawa wa kuombana. Ndipo serikali ikaleta mahindi ya msaada. Lori lilishusha magunia, balozi wa nyumba kumi akapanda juu ya gunia akatangaza:

"Kesho alfajiri nitapita. Kila moshi, debe moja! Sitaki kusikia nani ana wake wangapi wala nani ana wageni. Nikiona moshi unatoka, hapo pana kaya. Pasipo moshi, hapana kaya. Nimemaliza."

Mmemsikia? Mtu mzima, ana akili zake, anahesabu watu kwa moshi. Basi nanyi niambieni, ingekuwa kwenu mngefanyaje?

Ndivyo walivyofanya na wao. Mngeiona alfajiri ile mngedhani kijiji kinaungua. Moshi uliinuka nyuma ya zizi, uliinuka kwenye mabanda ya kuku, mpaka jua lilipotoka lilitoka jekundu kama jicho la mlevi. Bwana mmoja aliwasha jiko nyuma ya choo, akaapa kwamba hapo ni kaya ya mwanawe aliye mjini. Walioishi pamoja tangu wazaliwe, usiku mmoja tu wakawa majirani.

Sasa kulikuwa na mji mmoja wa bibi kizee. Bibi huyu alikuwa na wana wawili hai. Mkubwa alikuwa na wake wawili na kijana aliyekwisha oa. Mdogo alikuwa na mke mmoja. Wote hao walikula chungu kimoja: huyu anapika, huyu yuko kisimani, huyu yuko shamba, na bibi yuko na watoto. Alfajiri ile chungu kikagawanyika majiko manne. Mke mkubwa na lake, mke mdogo na lake, kijana na lake, na yule ndugu mdogo na lake. Madebe manne! Walifurahi hao, wakapigana mabega.

Na ng'ambo ya ua alikaa mjane. Alikuwa mke wa mtoto wa katikati wa bibi yule yule, yule aliyekufa. Mume alipozikwa, hata matanga hayajapoa, bibi alimwambia, "Chukua mafiga yako ukainjike kwako. Mwanangu hayupo, chungu changu hakikujui." Akatoka na watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Asubuhi ya madebe alikuwa na moshi wake mmoja. Angegawanyika na nani, na yule anayenyonya?

Watu wa semina huwa wanakuja wanatuambia kwamba nyumba ya mzazi mmoja ndiyo maskini kuliko zote. Ni kweli. Lakini hawatuambii kwa nini, wanakunywa soda wanaondoka. Mimi nawaambia. Mwanamke yule alikuwa na mikono miwili mizuri tu. Mmoja umeshika mtoto, mwingine umeshika mwiko. Haya, jembe alishike na nini? Kule barabarani walikuwa wanajenga daraja, wanawake wanaponda kokoto, jioni wanalipwa. Kila siku alisikia nyundo za wenzake zikilia, ko, ko, ko, na yeye amekaa. Mvivu? Nani atamwachia watoto?

Balozi akapita na madebe yake. Kwa mke mkubwa akauliza, "Na bibi?" Akajibiwa, "Bibi yuko kwa mwenzetu pale." Kwa mke mdogo, "Yuko kwa mwenzetu." Kwa kijana, kwa ndugu mdogo, jibu lile lile. Wala hawakudanganya, jamani. Hilo ndilo linalonitia baridi. Kila mmoja aliamini kabisa kwamba bibi yuko kwenye moshi wa mwenzake. Waligawana sufuria, wakagawana kuni, wakagawana hata kuku anayeatamia. Mama yao wakamsahau katikati ya ua.

Jioni bibi akachukua bakuli lake. Akaenda kwa mwanawe mkubwa, kwa wake wote wawili.

"Mama, wewe si uko kwa mwenzetu?"

Akaenda kwa mjukuu. "Bibi, chako kiko kwa mwenzetu."

Akaenda kwa mwanawe mdogo. Huyu alikuwa anatafuna, hata hakuinua kichwa. "Kwa mwenzetu, mama. Wahi, wasije wakafunika chungu."

Ni neno tamu hilo, mwenzetu. Ukilisema unajiona mtu wa watu. Na mwenye bakuli anaondoka mikono mitupu.

Mwisho akasimama mlangoni kwa mjane.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Kina mimi wamekuwa wengi mwaka huu. Mimi nani?"

"Mama mkwe wako."

Halafu mjane akasema, "Mama, chungu changu kinakujua?"

Mimi ningekuwa yule bibi ningegeuka nikarudi nikafe kwa fahari yangu. Yeye hakugeuka. Alisema, "Hakinijui, mkwe wangu. Ila njaa inanijua."

Mjane akatazama debe lake. Lilikuwa la kufikisha midomo minne mpaka mvua, na kwa minne tu lilikuwa halifiki. Akatazama bakuli. Akasema kwa hasira, maana hakuwa malaika, "Pita. Ila kuhusu chumvi usiniambie kitu. Na mshike huyu mtoto, ananing'ang'ania nguo tangu asubuhi."

Bibi akampokea mtoto.

Hapo! Mmeliona? Hamjaliona. Hata wao wenyewe hawakuliona. Mtoto ameshikwa. Mkono mmoja wa mjane umefunguka.

Asubuhi akaamka, akamtazama bibi, akawatazama watoto waliomlalia bibi mapajani. Akachukua nyundo ya marehemu akaenda kwenye kokoto. Jioni akarudi na unga kwenye ncha ya kanga. Kesho yake, unga na dagaa. Akawa anatoka, anarudi, anakuta moto unawaka na watoto wameoga.

Sasa msinipigie vigelegele kwamba ni muujiza. Mahindi hayakuongezeka kwenye debe, yangeongezeka ningewaambia. Lakini nisaidieni hesabu hii, ninyi mliosoma, maana kila nikiifikiria nywele zinanisimama. Mdomo umeongezeka, njaa imepungua! Kikongwe asiyeweza kubeba ndoo ameingia kwenye nyumba ya njaa, nyumba ikashiba. Nani alipanga mambo hivyo? Ni nani aliyeificha shibe ya mjane ndani ya njaa ya bibi, akaificha ya bibi ndani ya njaa ya mjane, halafu akakaa kimya anatutazama kama tutaiona? Mimi naogopa mbele za Mungu wa namna hiyo. Naogopa, na nafunika mdomo wangu.

Na kule kwenye madebe manne? Majiko manne yanataka kuni mara nne. Kila mwanamke amefungwa kwenye moto wake, hakuna wa kwenda kisimani, hakuna wa kwenda kwenye kokoto, watoto wanalia kila kona. Kila mmoja anakula amempa mwenzake mgongo. Kabla wingu la kwanza halijaonekana, madebe yalikuwa matupu.

Wakatazama ng'ambo ya ua. Moshi unatoka, asubuhi na jioni. Wakamwita balozi.

"Huyu mwanamke ana mambo yake," akasema mwana mkubwa. "Debe moja linapikwa mpaka leo? Tumekuja kumchukua mama yetu kabla hajamdhuru."

"Tena wake zetu wanataka kwenda kwenye kokoto," akaongeza mdogo. "Watoto wataangaliwa na nani?"

Loo! Lilimtoka lenyewe.

Mjane alikuwa ndiyo kwanza amerudi, nyundo iko mkononi. Alijua kwamba bibi akitoka pale, kesho mikono yake itafungwa tena, na debe lake liko tupu kama madebe ya wengine. Alijua pia kwamba kwa desturi mama ni wa wanawe, mjane hana la kusema. Mtoto aliyekuwa mgongoni kwa bibi akaanza kulia.

Balozi akakohoa. "Bibi, tumalize. Wewe ni wa moshi upi?"

Bibi akajiinua polepole, akakaza mbeleko.

"Siku ya madebe," akasema, "nilikwenda kwa huyu mkubwa wenu. Akaniambia, nenda kwa mwenzetu. Nikaenda kwa mjukuu. Nenda kwa mwenzetu. Nikaenda kwa huyu, mziwanda wangu, niliyemtafunia ugali akiwa hana meno. Naye, nenda kwa mwenzetu. Nikazunguka na bakuli langu ninamtafuta huyo mwenzenu. Nimempata." Akamwekea mjane mkono begani. "Ni huyu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtoa jikoni kwangu nikasema si wetu. Ninyi ndio mlionirudisha kwake. Mlinielekeza vizuri, wanangu. Sasa mnataka nini?"

Balozi akavua kofia yake, wala hakujua aishike wapi. Wale wanaume wakatazama chini. Na mke wa yule mdogo, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma, akaja mbele, akamweka mwanawe chini karibu na miguu ya bibi. Akarudi kwake akabeba kuni zake zote, akazitua kwenye jiko la mjane. Akazima lake.

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa ni sisi.

Sisi tukiona nyumba ya mwanamke na watoto wake inalala njaa tunasema, ndiyo nyumba zilivyo, haina mwanaume. Nani aliyeuweka ua ukawatenga nasi? Si sisi? Tuliwatoa na mafiga yao, tukarudi tukahesabu midomo na mikono, tukashangaa hesabu haikubali. Yule kikongwe anayekaa peke yake nyuma ya mashine ya kusaga, ni wa moshi upi? Kila Jumapili tunatangaza hapa mbele: mwenzetu anaumwa, mwenzetu amefiwa, mwenzetu tumkumbuke. Tunasema amina. Tunatoka, kila mtu anajua bibi yuko kwa mwenzake.

Na siku moja sisi nasi tutasimama mlangoni kwa Mungu na bakuli letu. Nawaza, na mwili unanisisimka: itakuwaje akituambia, nendeni kwa mwenzenu? Tutamjua? Na je, yeye atatujua?

Haya. Kesho mkiamka, kabla hamjawasha moto, tokeni nje mwangalie juu. Angalieni ni paa gani halitoi moshi. Mkiliona, msije kuniuliza ni la nani.