Kamba ya Malkia wa Ziwa

Watu wa Nkome waliamini mambo mawili: kwamba malkia wa ziwa katika ile filamu ya kijijini kwao aliruka kweli, na kwamba Mzee Bujiku ni mwongo. Filamu ilipigwa zamani hapo hapo mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, kwa fedha za kuungaunga, na Bujiku alidai yeye ndiye aliyemrusha malkia. Lakini katika kanda ile iliyochakaa, yenye picha nzito kama uji wa ulezi, hakuonekana hata kidole chake. Wakambandika jina, Mzee Nimemrusha. Binti yake Ritha alimtetea hadi akachoka. Mwishowe na yeye alimwonea aibu, akanyamaza.

Mwaka huu filamu ilitolewa upya, imesafishwa, picha ang'avu mpaka magamba ya sangara yanahesabika. Banda la video likafurika. Ritha alimshika mkono baba yake, ambaye macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, akamketisha mbele.

Malkia alipaa. Kiunoni mwake palikuwa na kamba! Ritha alipigwa na butwaa. Kamba imetoka wapi? Filamu ni ile ile, au wameleta nyingine?

"Wameiharibu," alinung'unika Maige, mwenye banda. "Malkia mzima ananing'inia kama kapu la dagaa."

Wengine waliangua kicheko, wengine walinuna kama waliofiwa. Ritha hakujua acheke au alie. Aliifuata kamba kwa macho mpaka nyuma ya jabali, kwenye pembe ambayo siku zote ilikuwa giza tupu. Hapo alisimama kijana kifua wazi, mishipa imemtoka shingoni, anavuta kamba ya nyavu. Uso wa kijana yule Ritha aliuona kila asubuhi kwenye kioo chake.

"Mbona wanacheka, mwanangu?" mzee aliuliza. "Malkia ameanguka?"

"Hajaanguka, baba. Umemshika."

Mzee alivisugua viganja vyake.

"Nilikwambia alikuwa mzito," alisema.

Machozi yalimtoka Ritha, ya furaha au ya majuto, mwenyewe hakuelewa. Vicheko vilikwisha kimoja kimoja. Maige alisogea, akainama mbele ya mzee.

"Shikamoo, Mzee Bujiku."

"Marahaba."

Kisha Maige akairudisha picha nyuma, na safari hii hakuna aliyemtazama malkia. Usione vyaelea, vimeundwa.