Mkanda Uliobaki Kabatini

Muuguzi mmoja wa zahanati ya kijiji alikuwa na mikanda miwili ya kupimia presha. Mmoja wa watu wazima, umechakaa kwa kazi. Wa pili mdogo, wa watoto, mpya kabisa. Huo aliufungia kabatini na nailoni yake, kama tunavyofungia sahani nzuri tukingoja wageni. "Akiba haiozi," ndivyo alivyozoea kusema muuguzi huyo, Sista Fotunata, na kijiji kizima kilimsifu kwa utunzaji.

Basi Mama Sikitu akamleta binti yake. Kichwa kinamgonga mtoto, uso unavimba kila asubuhi. Sista, kwa upole wote, akamfunga mkanda wa wakubwa. Ukaumeza mkono, kiwiko kisionekane. Alipoona unapwaya, akauzungushia mkono kipande cha kanga, mkanda ukakaza. Mashine ikasema presha ni ya kawaida. Mama akaondoka na dawa ya maumivu. Akaja tena, na tena. Kanga ile ile, jibu lile lile. Na alifurahi, jamani! Nani asiyefurahi kuambiwa mwanawe hana neno?

Jumapili moja Sikitu akaanguka jikoni, mwili unatetemeka, povu mdomoni. Alipozinduka akauliza mbona kumekuwa giza, na jua ni la saa sita mchana. Mungu wangu! Katika hospitali kubwa wakamfunga mkanda unaomwenea. Presha ilikuwa juu hata daktari hakuamini, akapima upya. Ndipo akamweleza mama: figo za mtoto zinaumwa siku nyingi, na mkanda mkubwa kwenye mkono mdogo huificha presha, huionyesha iko chini. Macho ya Sikitu hayakuona tena.

Mama akarudi zahanati. Sista, machozi yakimtoka, akafungua kabati, akatoa mkanda mdogo. Nailoni ilikuwa haijapasuliwa. Mama akautazama, akamtazama mwenye nao.

"Sista, siku zote zile ulikuwa unampima nani?"

Akiba haikuoza, ni kweli; mkanda ule mpaka leo ni mpya. Nawe unayempima mdogo kwa kipimo cha mkubwa, kisha ukaziba pengo kwa kitambaa ili mambo yaonekane sawa, kile kinachomwenea unamtunzia nani?