Pacha Aliyetulia

Mtu mmoja alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wenye umri wa mwaka na ushee. Jina lake Ndalahwa, na nyumbani kwake sheria ilikuwa moja tu: mapacha hawabaguliwi. Kulwa akipewa ndizi, na Doto apewe. Doto akinyolewa, Kulwa naye ananyolewa, hata kama kichwani hana kitu.

Basi wakaugua wote, kuharisha na kutapika. Baba akawabeba mbio hadi zahanati. Kulwa alilia njia nzima, akirusha mateke na kunyang'anya chupa ya maji. Doto alilala begani, kimya. Waliokutana nao wakasema, "Huyu ana adabu, angalia alivyotulia!" Na Ndalahwa, jamani, akavimba kichwa.

Tabibu Leokadia alimpima Kulwa, akaagiza anyweshwe kwa kikombe maji ya chumvi na sukari. Kisha akamgeukia Doto. Macho yalikuwa yametumbukia. Akamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama, ikarudi kwa uvivu. Akamwekea kikombe mdomoni, mtoto hakumeza. Akataka dripu, upesi.

Hapo baba akaja juu. Dripu kwa mtoto aliyetulia, na huyu anayelia aambulie kikombe? Ubaguzi gani huu! Eti ziwekwe dripu mbili, au isiwekwe hata moja. Akamkumbatia Doto asiguswe, akatoa hotuba ndefu ya haki, na mtoto anazidi kupoa mikononi mwake.

Tabibu akamwambia, "Baba Kulwa, anayelia ana machozi. Huyu unayemsifu amekaukiwa hata chozi hana, na ukingoja alie kama mwenzake, utalia wewe."

Ndalahwa akamtoa mtoto. Mshipa ukapatikana kwa taabu, maji yakaanza kuingia. Ndalahwa akakaa chini sakafuni, amempakata Doto na dripu yake. Jua lilipoanza kushuka, Doto akafumbua macho, akaangua kilio cha kuezua bati, akamkojolea baba yake suruali nzima. Tabibu akapiga vigelegele kwa ajili ya ule mkojo. Na Ndalahwa, suruali inachuruzika, akawa anawaita wagonjwa wa kwenye foleni: "Njooni mumsikie! Msikieni mwanangu anavyopiga kelele!"

Nanyi wenzangu, yule wa nyumbani kwenu ambaye hajawahi kulalamika, mna hakika ameridhika, au ameishiwa machozi?