Mtu-Farasi wa Turffontein

Placide aliwaahidi wazee wawili farasi mmoja, na ukuta wa kumchora ulikuwa mmoja.

Alikuwa mchoraji wa vibao, Mkongo wa Uvira, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Saluni nyingi za mtaa wa Bellevue zilikuwa na kazi yake milangoni. Alichokosa ni karakana. Alichorea kando ya barabara, nje ya nyumba alimopanga chumba, na mvua ya Johannesburg haina adabu: huja alasiri bila kupiga hodi, na ikiondoka huondoka na rangi mbichi. Mke wake Thérèse, fundi cherehani, alikwisha kuzoea kumwona mumewe akikimbia mtaani na kibao kichwani kama mwizi wa mlango.

Basi siku alipoitwa Turffontein na Mama Despina, alikwenda mbio. Mama Despina alikuwa Mgiriki mwenye mgahawa karibu na uwanja wa mbio za farasi. Alizaliwa Lubumbashi, nyuma ya duka la baba yake, kama walivyozaliwa Wagiriki wengine kadhaa waliohamia Johannesburg kutoka Kongo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kikali kama pilipili.

"Ukuta huu," alisema, "nataka Thesalia ya zamani. Nchi ya babu zetu. Miji, makabila, milima, mito, yote. Babu yangu alitoka hapa, Ferai." Aliweka kidole kwenye ramani kuukuu iliyofungwa ndani ya kioo. "Nafungua upya Jumapili ya wiki ijayo. Ukuta ukinipendeza, kile chumba cha mbele ni chako. Fanyia kazi zako humo, nawe utakuwa unaniandikia vibao vyangu. Usiponipendeza, Exaucé kinyozi anakitaka tangu Pasaka."

Placide alichungulia chumba kile. Kilikuwa na paa. Kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama barabara. Moyo ulimdunda kama ngoma ya arusi.

"Mama, hesabu kwamba kazi imekwisha."

Akaisoma ramani. Katikati palikuwa na tambarare pana kama sinia, na milima imeizunguka kama ukingo wake. Kaskazini, Olimpo. Mashariki, Osa na Pelio, imesimama kati ya tambarare na bahari. Mto Penio ulikusanya maji ya nchi nzima, ukapenya kwenye bonde jembamba kati ya Olimpo na Osa, ukaingia baharini. Larisa ilikaa kando ya mto, Farsalo kusini, Iolko chini ya Pelio mbele ya ghuba, na Ferai katikati, karibu na ziwa la Boibe. Tambarare ilikuwa ya Wathesalia, watu wa farasi. Milima ya pwani ilikuwa ya Wamagnete, ile ya kaskazini ya Waperaibi, na Wadolopi walijibanza magharibi huko kwenye mawe.

Placide alitabasamu. Kwao pia kulikuwa na tambarare, mto na milima, na watu wa juu na watu wa chini wakitazamana kwa jicho la pembeni. Alidhani nchi hii anaijua.

Pembeni mwa ramani, nje ya mipaka, palichorwa mtu-farasi, kiumbe wa hadithi zao za kale: mtu hadi kiunoni, farasi kuanzia hapo.

"Na huyu, mama?"

"Huyo mweke popote penye nafasi," Mama Despina alisema, akaenda jikoni.

Neno "popote" ndilo lililoleta balaa.

Siku ya pili alikuja Mzee Thanasi na vikombe viwili vya kahawa. Alikuwa mmoja wa Wagiriki wale wa Kongo, aliyefundisha farasi wa mashindano ng'ambo ya barabara mpaka magoti yakamkataa.

"Weye Placide, huyu mtu-farasi atakaa wapi?"

"Popote penye nafasi, mzee."

"Popote! Farasi anakaa penye majani. Larisa, kwetu! Kule mlimani kwa kina Apostoli kuna mbuzi na baridi tu. Wajukuu wangu watakuja Jumapili kutoka Sandton. Nimewaambia watamwona farasi wa kwetu. Atakaa Larisa?"

Sasa, huko alikolelewa Placide, mzee haambiwi hapana usoni. Unamwambia ndiyo, unakunywa kahawa yake, kisha unafanya yako. Desturi hiyo ina heshima yake, na imewatia wengi matatani.

"Ndiyo, mzee. Atakaa Larisa."

Kahawa haijapoa tumboni, akaja Mzee Apostoli, mwoka mikate mstaafu, na mkate wa moto kwapani. Hawa wawili walicheza dama pamoja kila alasiri, na kila alasiri waligombana.

"Sikia, mwanangu. Hata mtoto mchanga anajua watu-farasi waliishi mlimani Pelio, kwetu sisi Wamagnete. Ukimweka tambarare, Thanasi atanicheka mpaka nife, na kufa kwenyewe hakuko mbali. Mmoja tu, na awe kwetu. Iko sawa?"

"Iko sawa, mzee."

Jioni Thérèse alikata mkate ule wa Apostoli akauliza umetoka wapi. Placide akasimulia huku akicheka. Thérèse hakucheka.

"Baba Ariane, umetoa ndiyo ngapi?"

"Mbili."

"Na farasi wangapi?"

"Mmoja. Kila mmoja anamtaka peke yake."

"Basi rudi kesho kamuulize mwenye ukuta, halafu mwambie mzee mmoja hapana. Hapana moja leo ni bora kuliko aibu mbili Jumapili."

"Eish, mama, wale ni wazee. Niachie mimi. Akili ninayo."

Akili alikuwa nayo kweli, na hapo ndipo ilipomponza. Alichora Thesalia kwa ufundi ambao hakuwahi kuutoa kwenye kibao chochote. Olimpo ilivaa theluji mpaka mtu akaona baridi akiitazama. Penio uling'aa. Majina ya makabila aliyaandika kwa herufi za dhahabu. Kisha akamchora mtu-farasi. Miguu ya nyuma aliikita Larisa, kwenye majani. Miguu ya mbele aliikita Pelio, kwenye mawe. Katikati alivuta mgongo, akauvuta, akauvuta tena, mpaka ukawa mrefu kama basi la kwenda Durban. Akaficha kazi yake nyuma ya pazia na kujisifu: Thanasi ataona miguu kwake, Apostoli ataona miguu kwake, na chumba kitakuwa changu.

Jumapili mgahawa ulijaa. Nyama ilinukia, wazee walivaa makoti, wajukuu wa Sandton walivaa viatu vyeupe. Thérèse alikaa karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kuondoka. Mama Despina akavuta pazia.

Watu walishangilia Olimpo. Walishangilia mto. Halafu macho yakashuka, kelele zikafa, na mjukuu mmoja wa Thanasi akauliza kwa sauti kubwa:

"Babu, mbona farasi wenu amepasuka msamba?"

Mgahawa ulivunjika kwa kicheko. Mzee Thanasi hakucheka. Alisimama na fimbo yake.

"Placide! Uliniambia Larisa!"

"Yuko Larisa, mzee. Tazama miguu."

"Hayo ni matako! Larisa nzima umeipa matako!"

"Na mimi uliniambia Pelio!" Apostoli alifoka.

"Yuko Pelio, mzee. Tazama kwato."

"Kwato zinateleza! Ataanguka baharini!"

Wale wazee wakatazamana. Miaka yote hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu chumvi ya supu, lakini siku hiyo walikubaliana mara moja. "Huyu," Thanasi alisema, "amekunywa kahawa na kula mkate wetu bure." Apostoli akaitikia, "Bure kabisa."

Bado Placide alikuwa na tumaini, kwa kuwa watu walikuwa wakicheka, na anayecheka hushiba vizuri. Akamgeukia Mama Despina. Mama Despina hakuwa akicheka. Alikuwa ameusogelea ukuta, akitafuta kitu kwa kidole, kuanzia Larisa kuja mashariki.

"Placide," alisema polepole. "Ferai iko wapi?"

Placide alitazama.

"Iko... chini ya tumbo, mama."

"Mji wa babu yangu uko chini ya tumbo la farasi."

"Na ziwa pia, mama."

Thérèse alifunika uso kwa kitenge. Mabega yalimtikisika, na kama alikuwa analia au anacheka, Placide hakuthubutu kuuliza.

"Ungeniuliza ningekujibu," Mama Despina alisema. "Ungewaambia hao wawili hapana wangenuna siku moja, kisha wangesahau, maana hawana pa kwenda. Chumba ni cha Exaucé. Kesho njoo na brashi."

Alikuja. Aliipaka chokaa Thesalia yote na kuanza upya, Mama Despina akiwa kwenye kiti nyuma yake. Safari hii mtu-farasi alipanda Pelio akiwa mzima, mwenye miguu minne mahali pamoja, kama hadithi zao zinavyosema. Larisa ikapata kundi la farasi wa kawaida wakila majani. Ferai ikaonekana toka mlangoni.

Kabla rangi haijakauka, Mzee Thanasi akaja na vikombe vyake viwili.

"Weye, hawa farasi wangu huwezi kuwaongeza kimo kidogo? Wawe wakubwa kumzidi yule wa Apostoli?"

Placide alishusha brashi. Neno lilikuwa zito kama gunia la saruji, lakini likatoka.

"Hapana, mzee."

Thanasi akampa kikombe. "Sharp, safi," alisema. "Leo kahawa hii umeistahili."

Thérèse alipopata habari hiyo alimpikia mumewe sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, na hakumsimanga zaidi ya mara tatu.

Hasara yenyewe ni hii. Ukuta mmoja uliochorwa mara mbili kwa ujira wa mara moja. Makopo manne ya rangi, mawili kati yake ya dhahabu, aliyoyanunua mwenyewe. Chumba chenye paa na dirisha kubwa, ambamo Exaucé ananyolea watu mpaka leo. Na kibao cha Exaucé, ambacho Placide mwenyewe ndiye aliyekiandika, kando ya barabara Bellevue, akakimbia nacho kichwani mvua ilipomkuta. Kila apitapo Turffontein hukiona kikimwangalia, na hukumbuka kwamba njia mbili zilimshinda fisi.