Dua Iliyokosa Amina

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba Amiri Ghalibu na Amiri Sufyani, mahasimu wa tangu na tangu, siku moja walipatana. Vigelegele vikarindima. Maskini watu wale! Hawakujua kwamba wakubwa hao waliacha kupigana ili waivamie pamoja Wadi Sidri, mji mdogo uliokuwa katikati yao, wagawane visima vyake.

Desturi ya nchi ile, mkataba haukufungika mpaka mcha Mungu auombee dua hadharani na umati uitikie "Amina". Akaitwa Bibi Lubaba, mjane asiyejua uongo hata wa mzaha. Na kwa kuwa mwomba dua sharti ajue anachokiomba, wakamnong'oneza siri yote.

Bibi wa watu! Binti yake alikuwa ameolewa Wadi Sidri.

"Omba amani tu, bibi, ushuke," akasema Ghalibu, mkono u juu ya upanga.

"Nitaomba mlichoniambia, Amiri. Mola wangu simfichi neno."

Akapanda jukwaani, akainua mikono. "Ewe Mola, wajalie maamiri wetu wasipigane tena!"

"Amina!" umati ukanguruma.

"Wape safari njema!"

"Amina!"

"Na uwape nguvu wawachinje watu wa Wadi Sidri wakiwa katika sala ya alfajiri, wachukue visima vyao!"

Kimya. Hata kikohozi hakikusikika.

"Mbona hamuitikii, wanangu?" akauliza, machozi yakimtoka. "Hayo ndiyo niliyoitiwa."

"Shangazi yangu yuko kule!" askari mmoja akapayuka.

Ghalibu akachomoa upanga. Lo! Mama yake mzazi akasimama safu ya mbele: "Ghalibu! Hebu keti chini!"

Akaketi. Umati ukaangua kicheko, na Sufyani naye, kwa haya, akacheka. Amina haikupatikana, mkataba ukafa palepale. Masufuria ya karamu yakapakiwa juu ya ngamia kwenda Wadi Sidri, na huko wakapatana upya, watu wa miji mitatu, mchana kweupe. Bibi Lubaba akaomba tena, huku amempakata mjukuu wake, na Amina ya siku ile iliwarusha njiwa wote mapaani.

Basi ndugu zangu, wakubwa wawili wakikumbatiana, shangilieni, lakini muulizeni jirani yao kama naye amealikwa. Na dua ambayo huwezi kuiomba jirani yako akisikia, usimpelekee Mola wako.