Paka Aliyelala Mafigani

Hii nimeipokea, nami sikuona vyema ikae kwangu peke yangu. Isome polepole, kisha umpe na mwenzako.

Milimani kule Upare alikuwako mama mmoja aliyeitwa Mama Mbazi. Alizaa watoto watatu, na wote miji iliwachukua. Mbazi, wa kwanza, yuko Mwanza. Kiangi, wa katikati, yuko Dar es Salaam. Nanzia, kitindamimba, aliolewa Morogoro. Baba yao walikwisha kumzika siku nyingi.

Basi watoto wakamnunulia mama yao simu ya kupangusa, wakamtia kwenye grupu la familia. Mama Mbazi hakuingia darasani hata siku moja. Kusoma hajui, kuandika hajui. Lakini kupiga picha alijua upesi kuliko wajukuu zake.

Na grupu lile, ndugu yangu, halikuwa la mambo mazito. Lilikuwa la vituko. Kiangi alileta picha ya mbuzi aliyepakiwa kwenye bodaboda, mbuzi kavishwa helmeti, dereva mwenyewe kichwa wazi. Mbazi akaleta ya kuku aliyeatamia mayai ndani ya beseni la saluni, na wateja wanaoshewa nywele kwenye ndoo ili wasimsumbue mzazi. Nanzia naye akaleta ya mzee mmoja juu ya pikapu inayohamisha vyombo: kakaa kwenye kochi lake, kakunja nne, anasoma gazeti huku gari linakwenda.

"Huyo nyumba yake inatembea," Kiangi aliandika.

"Mwambieni ashushe pazia, vumbi hilo!" Mbazi akajibu.

Mama naye alileta vya kijijini. Jogoo kasimama juu ya mgongo wa ng'ombe kama askari wa zamu. Suruali iliyopeperushwa na upepo ikanasa juu ya mgomba, miguu huku na huku kama mtu anayekimbia deni. Na picha zake zote zilikuwa na alama moja: kidole gumba chake kimejitokeza pembeni. Watoto wakikiona kidole tu, wameshaanza kucheka.

Siku moja ikaja picha ya paka. Paka wa Mama mwenyewe, kajikunja katikati ya mafiga matatu ya jikoni, macho kafumba, masharubu yamejaa majivu. Pembeni, kidole gumba.

Wee! Grupu likalipuka.

"Mama, huyo ni paka au ni chungu?" aliandika Mbazi.

"Kajipaka poda, kesho ana harusi," Kiangi akaongeza.

"Msimwamshe," Nanzia akamalizia, "ndiye mpishi wa zamu."

Mama alipoviona vikatuni vya kucheka chini ya picha, akatuma ujumbe wa sauti, mfupi: "Mmecheka? Haya. Chekeni, wanangu."

Nanzia aliicheka picha ile hata akamwonyesha mumewe. Lakini jioni, alipokuwa anapepea mkaa ateleke, mkono wake ukasimama hewani. Ilimjia sauti ya mama yake, ya miaka ile yeye akiwa msichana wa kuteka maji.

"Nanzia! Nenda kwa Mama Senzia ukaombe moto."

"Mama, mbona wetu unawaka?"

"Nimekuuliza kama unawaka? Chukua kigae, nenda. Na ukifika, mtazame paka wao kalala wapi. Usiulize kitu. Tazama tu."

Siku zile kila nyumba pale mlimani ilitoa moshi wake asubuhi, na mtu aliujua moshi wa jirani yake kama anavyoujua mwendo wake. Moto ukizimika, unakwenda kwa mwenzako, anakupa kaa jekundu kwenye kigae, unakimbia nalo. Kuomba moto hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kuomba unga. Basi kina mama wale wakawa na njia yao. Paka halali penye moto. Ukimkuta kizingitini, nyumba ile imepika. Ukimkuta amejikunja katikati ya mafiga, ujue majivu yamepoa siku nyingi, na waliomo ndani wameamua kunyamaza.

Nanzia alikuwa akirudi anasema, "Mama, paka kalala mafigani." Mama hakuuliza la pili. Alijaza ungo unga, akaufunika kwa jani la mgomba.

"Mpelekee Mama Senzia. Mwambie nimesaga ukazidi, chombo cha kuuweka sina, anisaidie usije ukaingia wadudu."

Na Mama Senzia angeupokea huku anafoka: "Huyu mama yako naye! Mpaka leo hajui kukadiria?" Unga umeingia, heshima haijatoka.

Nanzia akauacha mkaa, akampigia kaka yake.

"Kaka Mbazi, Mama hapiki."

"Nani kakwambia?"

"Kasema mwenyewe. Ile picha ya paka. Kalala mafigani, kaka. Umesahau tulivyokuwa tunatumwa kuomba moto?"

Mbazi akaifungua tena ile picha.

"Mungu wangu," Mbazi akasema. "Na mimi nikamwita chungu."

Hawakungoja. Wakachanga, na kesho yake gunia likapakiwa kwenye basi la kwenda Same: unga, mchele, maharage, mahindi ya kukoboa, mafuta, sukari, na sabuni juu. Nanzia ndiye aliyelifunga kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo.

Mama akatuma sauti: "Mzigo umefika, wanangu. Mungu awaongeze."

Wote wakashusha pumzi. Grupu likarudia vituko vyake.

Haukupita muda picha nyingine ikaja. Kidole gumba. Mafiga. Paka yuleyule katikati ya majivu. Na nyuma yake gunia limeegemea ukuta, kamba ya katani na mafundo yake yote kama yalivyotoka Morogoro.

"Mama, chakula si kimefika?" Kiangi aliandika. "Au mpangaji kagoma kuhama?"

Safari hii Nanzia hakucheka. Aliivuta picha ile ikawa kubwa, akayatazama mafundo ya mikono yake mwenyewe. Kisha akamwambia mumewe, "Baba Elia, kesho naenda kwetu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka niende sasa."

Alipanda basi, akashukia Same, akapanda gari la milimani, na pale barabara ilipokoma akapanda kwa miguu. Huku anapanda, macho yake yalitafuta moshi. Kwa Mama Senzia, kufuli. Mwanawe alikwisha kumchukua kwenda mjini. Kwa akina Mshana, kufuli, na majani yameota mpaka mlangoni. Pale palipokuwa na kelele za watoto na michi ya kutwanga, alisikia viatu vyake tu. Mlima mzima ulikuwa safi kama sahani ambayo hajailia mtu.

Akafika uani kwa mama yake. Akaokota kigae kilichokuwa chini, akasimama mlangoni.

"Hodi! Nimetumwa kuomba moto."

Sauti ikauliza kutoka ndani, "Nani huyo anayeomba moto zama hizi?"

Mama Mbazi akatoka. Alikuwa amekonda. Kitenge kilichokuwa kikimtosha kwa shida sasa kilimzunguka mara mbili. Alipomwona mwanawe na kile kigae mkononi, alitaka kucheka, lakini machozi yakamtangulia.

"Moto hapa hamna, mwanangu."

"Basi tuuwashe."

Wakaingia jikoni. Paka akaondolewa, akatoka ananung'unika. Nanzia akalishika gunia.

"Mama, chakula chote hiki! Unakula nini?"

"Ndizi zimeiva shambani. Maziwa ninayo. Sifi."

"Ulishindwa kukata kamba?"

"Kisu ninacho."

"Sasa?"

Mama akavuta kigoda, akakaa.

"Nilijaribu, Nanzia, usidhani. Nilipika makande. Unanijua, mkono wangu haujui kidogo. Umewazoea ninyi, na watoto wa shangazi yenu, na kila mpita njia. Nikala bakuli moja. Nikayala tena jioni, nikayala kesho yake, yakachacha, nikamwaga. Nikamwaga chakula, mimi! Nikasema basi nisonge ugali wa mtu mmoja. Mwiko ukawa unagonga sufuria pande zote, haukuti kitu. Nikauepua, nikautazama. Nilipomaliza kuutazama, umepoa. Ndipo nikaacha kuwasha."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Nilisema. Mkacheka."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Zamani mlikuwa mnatumwa mkamtazame paka wa watu," akaendelea. "Sasa hapa hakuna wa kumtuma, na macho yenu yote yako simuni. Nikamtuma paka mwenyewe."

"Na sisi tukaleta gunia."

"Mkaleta gunia. Zuri, limejaa. Nililiamkia asubuhi, halikuitika."

Nanzia akacheka na kulia kwa pamoja. Akakata kamba. Wakachagua maharage, wakaosha mahindi, wakatia magadi kidogo ili yalainike upesi, wakabandika chungu kikubwa. Wakakaa motoni mchana kutwa wakichochea na kukumbushana: nani alikuwa anaiba nyama jikoni, nani aliungua ulimi akasingizia jino. Simu ya Nanzia ikalia. Kiangi kaandika kuuliza kama paka kahama. Nanzia akampigia.

"Kaka, usiandike tena. Piga. Mwulize amekula nini, halafu unyamaze mpaka ajibu."

"Mama, tuko wawili tu," Nanzia alisema alipokitazama chungu kile.

"Nimeshakwambia. Mkono haujui."

Makande yalipoiva, jua lilikuwa linateremka. Mama alikula bakuli moja, akaongeza la pili. Nanzia akafurahi, lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Ana watoto Morogoro. Atakaa kidogo, ataondoka. Na akishaondoka, moto huu nani atauwasha tena? Na chungu bado kilikuwa kimejaa.

"Hodi humu!"

Mlangoni alisimama Mzee Kilavo, anayekaa ng'ambo ya kijito, aliyefiwa na mkewe. Mkono mmoja mkongojo. Mkono wa pili bakuli la bati.

"Shikamoo, baba," Nanzia akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeona moshi, nikasema kwa Mama Mbazi leo kuna watu."

"Na hilo bakuli?" Mama akauliza. "Nalo limeona moshi?"

Mzee akalitazama bakuli lake kana kwamba limemfuata lenyewe njiani. "Nalo."

"Wewe Kilavo, kwako mbona moshi siuoni tangu mvua za vuli? Nilidhani umechukuliwa na wanao."

"Nimwashie nani?" Mzee akasema.

Wakatazamana wale wazee wawili. Nanzia akainamisha kichwa, akajifanya anachochea kuni. Kumbe kijito tu kiliwatenga, kila mtu na jiko lake la baridi, kila mtu akidhani mwenzake hayuko peke yake.

Mama akampakulia mpaka bakuli likafanya mlima. Mzee Kilavo akala, akatafuna, akasita.

"Mama Mbazi."

"Abee."

"Chumvi imezidi."

"Nini?"

"Imezidi. Marehemu mke wangu alikuwa anatia kidogo."

"Lete bakuli hilo niyarudishe chunguni!"

"Nani kakwambia nimeshiba?" Mzee akalikumbatia bakuli lake kifuani.

Mama Mbazi akaangua kicheko, kile cha kutokea tumboni, ambacho Nanzia alidhani kilizikwa pamoja na baba yake. Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Mwaka mzima," akasema, anapangusa macho kwa ncha ya kitenge, "mwaka mzima hakuna mtu aliyenilalamikia chumvi."

"Basi kesho nitaleta kuni," akasema Mzee Kilavo, akisogeza bakuli aongezewe, "lakini chumvi nitatia mimi."

"Jikoni kwangu? Thubutu!"

Funzo: Mzazi aliyezoea kulisha watu hashibishwi na gunia la chakula, hushibishwa na mtu wa kukaa naye akala, basi picha ya nyumbani ikikuchekesha, cheka, kisha inuka ukaone kwa macho yako nani anakula na nani.